Lavonte Pettway, Aliyemkimbia Ziraili Misimu Kumi na Moja

Tarehe 14 Machi, Lavonte Pettway, beki wetu wa pembeni, anastaafu baada ya kuitumikia timu ya futiboli ya Kimarekani ya Wapuliza Kioo wa Toledo kwa misimu kumi na moja. Ofisi ya habari imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida hili na kwa chakula cha mchana cha kumuaga. Nilipouliza kwa nini mimi na si kocha wake, nikaambiwa ni Pettway mwenyewe aliyenitaja. Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Katika misimu yote hiyo, mtu huyu amekubali mara moja tu kubaki na mimi chumba kimoja mlango ukiwa umefungwa.

Kwa wafanyakazi wageni, nijieleze. Naitwa Leonard Kubiak. Mwaka mzima napanga mabasi, vyumba vya hoteli na chakula cha safarini, na hakuna anayenikumbuka kwa hayo. Mwishoni mwa Agosti, timu inapotakiwa kupunguza wachezaji hadi hamsini na watatu, mimi ndiye ninayepita asubuhi kwenye vyumba vya kambi na kumwambia anayehusika, "Kocha anakuita. Njoo na kishikwambi chako." Ndani ya kishikwambi mna mbinu zote za timu. Ukishakirudisha, huna kazi tena. Wachezaji wananiita Ziraili, nami nimezoea.

Jambo moja ningependa mlijue tangu sasa. Aliyeitwa na kocha namna hiyo haandikiwi wasifu wala hapikiwi chakula. Hupewa mfuko wa kuwekea viatu na tiketi ya ndege, basi. Wasifu ni wa yule aliyeondoka kwa miguu yake kabla hajaambiwa, na katika kazi hii watu wa aina hiyo ni adimu. Pettway alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na nadhani ndilo lililomkosesha usingizi.

Alikulia Camden, Alabama, akasoma chuo kidogo ambacho hata maskauti wetu, wale wasaka vipaji, walikuwa wanapotea njia kukifikia. Aprili ile timu zilipokaa kugawana vijana wa vyuo, mama yake, Bi. Earline, alichoma mbavu za nguruwe za kulisha mtaa mzima. Majina yakasomwa kwenye televisheni mpaka la mwisho, la Pettway halikuwemo. Majirani wakaaga mmoja mmoja, kila mtu na sahani yake iliyofunikwa.

Simu yetu ilipoingia jioni ile, Pettway aliamini ni binamu yake. "Tyrell, leo sina moyo wa mizaha," akasema, akakata. Skauti wetu akapiga tena, akakatiwa tena. Mara ya tatu simu ikapokelewa na Bi. Earline. "Wewe ni nani, na mama yako anajua unachokifanya?" Skauti, mtu mzima mwenye wajukuu, akajibu kwamba mama yake ni marehemu. Bi. Earline akampa pole, akamuuliza wanasali kanisa gani, ndipo akamwita mwanawe.

Kwa hiyo alikuja kwetu bila kuteuliwa na timu yoyote, na kambini mtu wa namna hiyo hupewa jezi iliyobaki na kabati lililo karibu na choo. Hakulalamika. Alichofanya ni kunichunguza. Alijua natembea na viatu vya aina gani, nanywa kahawa wapi, na kwamba nikipanda ngazi napumua kwa sauti. Nikiingia kwenye mkahawa, yeye anatoka na sahani yake. Nikimsalimu, anaitikia huku anatazama mikono yangu, kana kwamba barua ya kumfukuza nimeishika nyuma ya mgongo.

Asubuhi ya kupunguza wachezaji, msimu wake wa kwanza, kitanda chake kilikutwa kitupu. Kijana alikuwa amejipigia hesabu zake: kama asiyepatikana haitwi, na kama kishikwambi hakipo hakiwezi kurudishwa, basi hakuna wa kumwondoa. Akakificha kishikwambi jikoni, kwenye jokofu la mayai, kisha akaenda kujizamisha kwenye bafu la barafu na kukaa humo asubuhi nzima. Mimi sikuwa namtafuta. Jina lake halikuwa miongoni mwa niliyopewa. Nilimkuta mchana, midomo imegeuka rangi, amekaa kwenye ngazi kajifunga taulo tatu.

"Bwana Kubiak," akasema, meno yakigongana, "nipo au sipo?"

"Upo. Kishikwambi chako ndicho hakipo. Mpishi anauliza ni cha nani, kimelowa mayai."

Hakucheka. Aliniuliza kama ninaweza kumpa jibu hilo kwa maandishi.

Kocha wake, Thibodeaux, mtu wa Louisiana asiyemsifu mtu kirahisi, aliniambia baadaye kwamba tabia ile ile iliyokuwa inanichosha mimi ndiyo iliyomlea beki. Kazi ya beki wa pembeni ni kumfuata mpokeaji, yule anayekimbia mbele kudaka mpira wa mrushaji, na mpokeaji ni mwongo kwa taaluma. Anatazama kulia huku anakwenda kushoto. Anajifanya amechoka huku anavuta pumzi. Pettway hakumwamini yeyote kati yao, hata waliokuwa marafiki zake wa kanisani.

Wengi mnaikumbuka mechi ya Desemba ile na timu ya Duluth, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu. Mpokeaji wao Brannigan alianguka, akashika goti, akainuliwa huku anachechemea, na uwanja mzima ukampigia makofi ya kumfariji. Mabeki wetu wakalegea. Pettway alirudi nyuma hatua kadhaa peke yake, Thibodeaux anamfokea arudi mahali pake. Mpira ukarushwa mbali, Brannigan akachomoka kama hajawahi kuumwa, akamkuta Pettway amefika kabla yake. Aliunasa na kukimbia nao mpaka mwisho wa uwanja.

"Wewe huna huruma hata kwa mgonjwa?" Brannigan akamuuliza.

"Mgonjwa hakazi kamba za viatu, kaka. Nimekuona."

Nitakuwa mwongo nikisema shaka ilimsaidia siku zote. Katika mechi ya mtoano msimu wake wa saba, kijana mgeni wa timu pinzani alikimbia njia iliyonyooka, wazi kabisa, bila ujanja wowote. Pettway alikataa kuamini kwamba mtu anaweza kuwa mjinga kiasi hicho. Alisubiri mgeuko ambao haukuja, kijana akafunga, sisi tukarudi nyumbani. Kwenye basi nilimsikia anamwambia Thibodeaux, "Kocha, yule mtoto kanichezea mchezo mchafu. Kafanya kile kile alichoonyesha." Thibodeaux akamjibu kwamba aliote hilo kila akilala mpaka Agosti.

Sasa lile la dirisha, kwa kuwa nimeombwa na watu wengi nisiliache. Ulikuwa msimu wake wa nne, wiki ya kupunguza wachezaji. Mkewe, Shavonne, alishikwa na uchungu kabla ya wakati, hospitali ikapiga simu ofisini, na aliyekuwa karibu na simu nilikuwa mimi. Nikaenda kumwita kwenye kikao cha mabeki. Nilipofungua mlango tu, kabla sijasema neno, Pettway alikuwa ameshatoka kupitia dirishani. Mshukuruni Mungu kwamba ni chumba cha chini.

Nilimkimbiza viwanja viwili vya mazoezi, na mimi si mtu wa kukimbia. "Ni mtoto!" nilikuwa napiga kelele. "Shavonne anajifungua!"

"Hiyo ni mpya, Bwana Kubiak! Mwaka jana ilikuwa eti basi limefika!"

Alijifungia kwenye banda la mashine za kukatia nyasi. Ilibidi nimpigie Shavonne hospitalini na kuiweka simu kwenye ufa wa mlango. "Lavonte," simu ikasema, "toka humo. Nikikufuata mwenyewe utajuta kuzaliwa." Mlango ukafunguka. Alifika wodini na viatu vya njumu, manesi wakamfukuzia nje akavivue, na binti yao Odessa akazaliwa baba yake akiwa na soksi. Kesho yake aliniletea biri, ile sigara nene ya kusherehekea mtoto. Aliniachia sakafuni, nje ya mlango wa ofisi yangu, akagonga na kuondoka.

Misimu ikapita. Amenasa mipira ishirini na tisa, amekuwa nahodha mara tatu, na vijana wengi walioteuliwa kwa mbwembwe nimewagongea mlango wao wakati yeye bado yupo. Hakuacha kuvaa viatu asubuhi ya kupunguza wachezaji, tayari kukimbia. Mwaka huu goti lake la kushoto lilianza kumsumbua kwenye ngazi, na akawa anasubiri watu wapite kwanza ili wasimwone akishuka. Mimi nilimwona. Nilijua maana yake, na sikupenda kujua.

Ninayoandika hapa mkuu wa timu ameyasoma na ameyaruhusu. Jumatatu moja mwezi uliopita aliniita na kunipa jina la Pettway. Akaniagiza nimwambie Ijumaa, makocha wakisharudi safarini. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Jumanne nilikutana na Pettway kwenye korido. Jumatano hakuonekana. Alhamisi asubuhi mlango wangu ukagongwa.

Aliingia, akaufunga nyuma yake. Nilidhani ni mzaha wa wachezaji, nikatazama kwenye chungu cha maua kama wameficha kamera. Hapakuwa na kitu. Pettway akaweka kishikwambi chake juu ya meza yangu, akakipangusa kwa mkono wa sweta.

"Kocha hajaniita," akasema. "Nimekuja mwenyewe. Barua ya kustaafu nimeshaipeleka juu asubuhi hii."

Nilimuuliza nani amemwambia.

"Wewe. Juzi kwenye korido ulinisalimia vizuri mno. Ukaniuliza habari za Odessa. Miaka yote hii hujawahi kuniuliza habari za mtu."

Pettway akakaa kwenye kile kiti mbele ya meza yangu, kiti ambacho nimewaona watu wazima wakilia juu yake, akanyoosha goti lake taratibu. "Sasa yaseme," akaniambia. "Yale maneno yako. Nimeyakimbia muda wote huu, nataka niyasikie mara moja, nijue yanasikikaje."

Nimeyasema maneno hayo kwa vijana wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na sauti yangu haijawahi kutetemeka. Siku ile hayakutoka. Machozi yakanilenga mbele ya mtu ambaye sikuwahi hata kula naye. Nikamuuliza kama amepata chakula. Akasema bado. Tukaenda kula soseji za Kihungari ndani ya mkate, zenye mchuzi wa pilipili, kule mtaani kwetu Birmingham, hapa hapa Toledo, mashariki ya mto, meza moja, na kabla ya kuuma ya kwake aliufunua mkate akatazama ndani.

Lavonte, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kazi na kwa vicheko. Kishikwambi chako bado kiko kwenye droo yangu. Sijakipeleka ofisini, maana sina hakika kwamba Julai, kambi ikifunguliwa, hutatokea ukidai ulikuwa unatupima. Tunakuombea siku njema Alabama, wewe, Shavonne, Odessa na Bi. Earline, na goti lipate nafuu. Na Agosti ikifika, asubuhi mapema ukasikia mtu anagonga mlango huku anahema kwa sababu ya ngazi zako, usitoke kupitia dirishani. Ni mimi. Nimekuja kula.