Kisiwa Kilichohama Bila Kusogea

Nyuma ya duka la kijiji chetu, pale ukuta unapoukinga upepo na macho kuukabili mto Torne, lipo benchi la msonobari ambalo wenyeji wameliita Benchi la Waongo tangu enzi za babu zao, wala jina hilo hawalionei haya. Kila asubuhi wanne hulikalia, nami huegemea ukuta nikiwasikiliza. Hulda, mwalimu mstaafu wa jiografia, ndiye mwenye chupa ya kahawa na vipande vya jibini la kuoka, ambavyo kila mmoja hudumbukiza kikombeni na kuvivua kwa kijiko vikisha kulainika. Evert huitwa Redio, kwa kuwa habari haijawahi kumfikia ikakaa. Petrus huitwa Nusu, kwa kuwa mama yake alimzaa ndani ya mtumbwi katikati ya mto, kati ya Uswidi na Ufini, na hadi leo hakuna aliyethubutu kuapa kwamba mtumbwi ulikuwa upande gani. Wa nne ni Valfrid, aitwaye Dira, aliyewaongoza wawindaji msituni miaka arobaini bila kupotea hata mara moja, na ambaye husema kidogo.

Ijumaa ile ya mwisho wa Septemba, mibetula ikiwa imegeuka manjano kando zote mbili za maji, Valfrid ndiye aliyeanza.

— Nusu, kuni za saunani Jumamosi zilikuwa kavu kweli kweli. Na umezipanga vizuri, ganda juu. Asante, bwana.

— Usijali, mzee mwenzangu, alijibu Petrus, akainamia kikombe chake kama mtu aliyepotelewa na jibini.

Hapo Evert akatokea kwenye kona ya duka, kofia mkononi, karatasi kubwa ikipepea kwapani.

— Jamani! Wekeni vikombe chini!

— Redio imewashwa, alisema Hulda.

— Mwalimu, leo si utani. Mwenye duka ameibandika hii sasa hivi, nami nimeibandua. Ramani mpya ya mpaka! Wamemaliza kuupima mto. Dira, umekaa vizuri?

— Nimekaa.

— Kisiwa cha Nyasi si chetu tena. Kimeingia Ufini.

Kijiko cha Petrus kilianguka, na hakuna aliyeinama kukiokota. Hulda aliziba mdomo kwa kiganja. Valfrid aliutazama mto, akakitazama kile kisiwa chembamba kilicholala mbele yetu kama kilivyolala jana na juzi, akayatazama mapaa ya ng'ambo, kisha akarudi kukitazama kisiwa.

Sote tulikijua kilichomshtua. Juu ya kisiwa hicho iko sauna, kibanda cha magogo cha kuogea mvuke, ambayo Valfrid na mdogo wake, Eemeli, waliijenga wakiwa vijana. Miaka ishirini na miwili iliyopita mama yao alifariki. Alizaliwa ng'ambo ile, akaishi ng'ambo hii, na wanawe wakagombea alale katika udongo upi. Alizikwa huku. Kaburi halijafukiwa vizuri, Eemeli akaapa kwamba akisha kuvuka kurudi kwake hatakanyaga tena ardhi ya Uswidi; na Valfrid, palepale, akaapa kwamba hatakanyaga ardhi ya Ufini maadamu yu hai. Tangu siku hiyo hakwenda ng'ambo hata kwenye harusi ya binti wa Eemeli, ambayo aliisikiliza kutoka kwenye benchi hili, muziki ukipita juu ya maji. Lakini kila Jumamosi alipiga makasia hadi kisiwani na kuwasha sauna, kwa sababu kisiwa kilikuwa cha Uswidi.

— Basi Jumamosi iliyopita nilikuwa wapi? aliuliza Valfrid.

— Saunani, alisema Petrus kwa upole.

— Na sauna iko wapi?

Petrus alinyoosha kidole kwenye kisiwa, akakirudisha.

— Leta hapa hiyo karatasi, alisema Hulda. Evert, umeishika kama gazeti. Utasomaje ramani hivyo?

— Maandishi yamesimama wima, Mwalimu. Unataka niishikeje?

— Uielekeze kama nchi ilivyoelekea. Sisi hapa tunatazama mashariki. Mkono wa kushoto ni kaskazini, huko mto unakotoka. Mkono wa kulia ni kusini, unakokwenda baharini. Tafuta mshale wa kaskazini. Haya, igeuze mpaka mshale uelekee mkono wa kushoto.

— Ala! Petrus alidakia. Dira, tumepona! Huyu mjinga aliisoma kombo!

Ramani ikatandazwa magotini mwa Hulda, ikageuzwa robo duara. Vichwa vinne vikainama. Kisiwa kilikuwa pale pale, na mstari mwekundu wa mpaka ulipita kati yake na sisi.

— Igeuze tena kidogo, alisema Petrus.

— Hata ukiipindua mgongoni, Nusu, mstari utabaki ulipo.

— Na hapa wameandika Uswidi ni ukingo wa kulia. Kulia kwa nani? Mimi nikikaa hapa Ufini iko mbele yangu na Uswidi iko chini ya makalio!

— Ukingo hausomwi mtu akiwa amekaa, bwana. Husomwa ukiufuata mto uendako. Jifanye gogo linaloelea kwenda baharini. Mkono wako wa kulia uko nchi gani?

Petrus alisimama, akageukia kusini, akanyoosha mikono.

— Uswidi! Haki ya nani! Miaka sabini na mitatu nimeishi kulia, na hakuna mtu aliyeniambia!

— Kaa chini, gogo, alisema Evert. Mwalimu, mimi najua kilichotokea. Wafini wamekisogeza. Mnakumbuka ile mashine yao ya kuchimba mchanga, majira ya kiangazi? Walisema wanazibua bandari ya mashua. Bandari gani yenye mashua tatu? Walikifunga minyororo wakakivuta!

— Kisiwa hakina tumbo la chini, Evert. Hakielei.

— Basi wamekikata kwa msumeno!

— Mnakosea wote, alisema Petrus. Ni nchi inayoinuka. Wewe mwenyewe uliwafundisha watoto wetu shuleni, Mwalimu: barafu ya kale ilitugandamiza, sasa tunainuka kidogo kila mwaka. Ni kama meza. Ukiinua upande mmoja, supu inahamia upande wa pili.

— Kweli inainuka. Ila supu hii ingekimbilia baharini, isingekuja kwako.

— Hesabu basi! Evert alikuwa amekwisha kusimama tena. Mkondo umekaribia kwetu hatua hamsini. Kila miaka ishirini na tano wanaupima upya, na mpaka unafuata palipo na kina kirefu. Hatua hamsini, hatua hamsini... Siku moja tutaamka hili benchi liko Ufini! Duka liko Ufini! Halafu kanisa! Halafu wataivuka Norwe, watatokea baharini upande wa pili na sisi tumebanwa katikati!

— Kahawa angalau itakuwa kali, alisema Petrus.

— Na saa! Mmesahau saa! Kule wametangulia kwa saa moja. Dira, kumbe kila ukifika saunani saa kumi na moja, ulikuwa umeshachelewa!

Nilitarajia Valfrid acheke, kwa kuwa aghalabu humchekea Evert hata anapomkasirikia. Hakucheka. Kidole chake kinene kilikuwa kinaufuata mstari mwekundu polepole, kama kinavyofuata alama za mnyama kwenye theluji.

— Mwalimu, nieleze. Hii mistari myembamba ndiyo nini?

— Ni mistari ya kina. Ikibanana, chini kunaporomoka ghafla. Ikiachana, ni tambarare. Tazama huku kati yetu na kisiwa: imebanana, na buluu imekoza. Mita nne. Sasa tazama nyuma ya kisiwa, upande wao.

— Peupe.

— Nusu mita, na penginepo haifiki. Pamejaa mchanga na changarawe. Hapo ndipo zamani mkondo mkubwa ulipopita, wewe mwenyewe uliswaga magogo yaliyoelea hapo.

— Eemeli ndiye aliyeswaga. Mimi niliogopa magogo.

Hilo tulilisikia kwa mara ya kwanza, na jina hilo hatukuwa tumelisikia kinywani mwake kwa miaka ishirini na miwili. Evert aliketi bila kuambiwa.

— Mto ukipinda, aliendelea Hulda kwa sauti ya chini, maji huenda kasi upande wa nje wa kona, yakaula ukingo. Upande wa ndani huenda polepole, yakatua mchanga. Sisi tuko nje ya kona. Kidogo kidogo mto umetula. Kisha ikaja barafu ya ule mwaka.

— Iliyong'oa gati langu.

— Hiyo hiyo. Masika nne zilizopita. Ilikwama kwenye ncha ya kisiwa, maji yakakosa njia, yakachimba huku.

— Miaka minne, alisema Valfrid.

— Kwa mujibu wa sheria si miaka minne! Evert aliharakisha kusema. Si mpaka serikali zitie saini? Mwalimu, mwambie! Mpaka saini iwekwe kisiwa ni chetu, na yeye hajakanyaga kitu!

— Sikuapa mbele ya serikali, Evert. Niliapa mbele ya jeneza la mama. Na mto umenivusha niliposema sitavuka. Jumamosi ngapi hizo? Nimelala juu ya mbao za sauna, uchi, nikijisifu moyoni kwamba mimi angalau ni mtu wa neno langu. Na nilikuwa Ufini.

Petrus, ambaye huumia akiona mtu anaumia, alimmiminia kahawa, akamtilia vipande vyote vya jibini vilivyosalia.

Ndipo alipofika mwanamke kijana, amevaa buti za mpira zilizofika mapajani, koti lina nembo ya wapimaji. Alitusalimu, akaiona ramani magotini mwa Hulda, akatabasamu kama mtu anayekutana na mtoto wake barabarani.

— Habari zenu, wazee. Naona mnaisoma. Mimi naitwa Saimi, nimo katika timu iliyopima. Nimerudi kuhakiki vina vichache kabla maji hayajaganda.

— Binti, alisema Evert, umeturarua mioyo.

— Mimi? Mimi nimepima tu, baba. Lakini kwa kuwa ninyi ni wenyeji, naomba mnisaidie jambo moja. Yule mzee anayevuka kwa miguu kutoka Ufini na mzigo wa kuni mgongoni ni nani?

— Mzee gani?

— Mrefu, ana fimbo ndefu yenye ndoana, kama ya waswagaji wa magogo. Kila Ijumaa ninapokuwa mtoni namwona. Anavuka pale nyuma ya kisiwa, maji yanafika magotini, na hakosei hatua. Nilimwuliza ameipata wapi ile njia, maana mashine yangu ilihitaji siku tatu kuiona. Akanionyesha: palipo maji meusi na laini usiweke mguu, yanaficha kina, palipo mikunjo midogo inayometa, changarawe iko karibu. Akasema mkondo ulihama baada ya barafu ya miaka minne iliyopita. Alijua kabla yetu.

Valfrid aligeuka polepole kumtazama Petrus.

— Nusu. Zile kuni si zako?

Petrus aliiva uso mzima hadi masikioni.

— Mara ya kwanza uliponishukuru nilidhani ni kwa yale magazeti. Mara ya pili nikaona haya kukanusha. Halafu... mtu hashukuriwi mara nyingi, Dira. Nikazoea.

— Miaka minne!

— Ni Benchi la Waongo, bwana! alisema Petrus, akakaribia kulia.

— Subirini, Evert alinong'ona, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Subirini kwanza. Kama Eemeli aliuona mkondo ukihama... Kama alijua kisiwa kimekuwa cha kwao... Jamani, hajakanyaga Uswidi! Hajavunja kitu! Alikaa miaka kumi na minane akiungojea mto!

Hulda aliivua miwani yake, akaifuta, akairudisha, akaivua tena.

— Leo nilimwambia, aliendelea Saimi, asiyejua alichokishika mikononi. Akimaliza kuzipanga kuni husimama nyuma ya mibetula kwenye ncha ya kisiwa, upande wa huku, akawatazama ninyi hapa mlivyokaa. Nikamwambia, mzee, nina mashua, twende nikuvushe ukanywe kahawa na wale wenzako. Akasema hawezi. Nikamwuliza kwa nini, akarudi kupasua kuni.

Alitutazama mmoja mmoja, uso wake umejaa wema.

— Kwa nini hawezi?

Evert aliangalia kofia yake. Petrus aliokota kijiko kilichoanguka, akakipangusa, akakiweka mfukoni ingawa kilikuwa cha Hulda. Mto ulipita.

— Umemwacha saa ngapi? hatimaye Valfrid aliuliza.

— Sasa hivi. Bado anapasua.

Valfrid alisimama. Alilifunga koti lake vifungo vyote hadi shingoni, kama mtu anayekwenda kanisani, akaanza kuteremka kuelekea kwenye mashua yake. Baada ya hatua tatu alirudi.

— Mwalimu, niazime vikombe viwili.

Hulda alimpa cha kwake na cha Evert, kisha akainua chupa amjazie, akaitikisa sikioni. Ilikuwa tupu.

— Ngoja dakika kumi, Valfrid. Nichemshe nyingine. Utakwendaje na vikombe vitupu?

— Acha tu, alisema, na macho yake tayari yalikuwa ng'ambo. Kwao saa imetangulia. Atakuwa ameshachemsha.