Mapacha wa Fundo

Asubuhi hiyo kijiwe cha kahawa, pembeni ya foleni ya malori ya Tunduma, kilikuwa na watu watatu na maneno ya watu thelathini. Gwalugano, mfunga maturubai waliyembatiza Fundo, kahawa ilikuwa imempolea mkononi. Jana nesi alimpima mkewe, Tusekile, akasema ni mapacha wa yai moja lililojigawa. Tangu hapo Fundo hajatia kitu tumboni, maskini. Hofu yake ni moja: kitu kimoja kikigawanywa, kila mtoto si anapata nusu?

— Linajigawaje lenyewe? aliuliza. Nani analikata?

— Halikatwi, alisema Kopi, mtoa fotokopi za makaratasi ya mpakani; kila kitabu cha wanafunzi kimepita mashineni kwake. Yai ni seli, na seli ina vikamba vyembamba ndani. Vinavuta mzigo, huku na huku. Halafu kuna mkanda kiunoni, unabana, unabana, mpaka zinakuwa mbili.

— Ndo hapo sasa! alidakia Mizani, dereva wa lori. Kamba ikizidi upande mmoja, mzigo unalala. Mmoja atazaliwa na moyo, mwenzake na maini. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Uvungu umeingiaje hapa, we Mizani? aliuliza Kopi.

— Umeingia tu. Mi nasema watembee wameshikana mikono mpaka uzeeni. Wakiachana, wote chini!

Fundo hakucheka. Miaka kumi na mmoja anakaza kamba, anajua mzigo uliogawanywa vibaya unavyoua watu. Machozi yalimlengalenga.

Kopi akaona, akamsogelea.

— Kaka, nisikilize. Kabla ya kuvuta, seli inatoa kopi kwanza. Ya kila kitu. Wanao hawajagawana. Kila mmoja ana seti yake kamili.

— Kamili?

— Kamili, kaka. Hata ukurasa haukosi.

Fundo akashusha pumzi. Hapo akatokea Jenista, mdogo wake Tusekile, ndo kwanza anafika kutoka kijijini Ibaba na mfuko wa maharage, vumbi mpaka kwenye kope.

— Shikamoo, shemeji. Dada alinipigia jana analia, simu ikakata. Anaogopa nini?

Fundo akamtazama Kopi. Kopi akamtazama Mizani. Mizani, asiyekosa neno, akainamia kikombe chake.

— Sijamuuliza, Fundo alisema taratibu.

Akampokea mfuko, akautia begani.

— Twende, shemeji. Tukamuulize.