Brauza Isiyokumbuka Kitu

"Naipenda brauza hii kwa sababu ina kasi na..." "Kasi ya kwenda wapi, baba watoto?" "...na haili bando!" "Na haikumbuki ulikopita! Ile ya zamani ilikumbuka hata siku ulipotafuta dawa ya fangasi."

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya treni, fundi friji na mkewe mshonaji walikuwa wakibishana bila kupumua. Mimi nilijifanya nimelala, masikio yako kazini.

"Wivu tu huo, mama watoto," fundi akacheka. "Mwenye moyo safi haogopi brauza inayosahau."

Treni ikafunga breki. Mshonaji akachomoa simu yake mkobani. Fundi aliacha kucheka alipowekewa simu hiyo kiganjani.

"Kumbe ni nzuri hivyo? Basi niwekee na mimi, mume wangu. Sasa hivi, kabla sijafika kazini."