Bi Kona Anastaafu: Nani Sasa Atawapoteza Wageni?

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika jumba letu la sanaa, mwongozaji wageni ambaye sote tunamwita Bi Kona atastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Uongozi umemwomba mwandishi wa mistari hii amwandikie wasifu kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi, kwa maelezo kwamba hakuna anayemfahamu kumshinda yeye. Ni kweli. Mwandishi ni mwongozaji mwenzake, walianza kazi mwaka mmoja, na kwa muda wote huo amemwonea wivu. Nalisema hilo mapema ili msomaji akikuta kijiba cha roho huko mbele asidhani kimeingia kwa bahati mbaya.

Bi Kona alianzia dirisha la tiketi. Hakudumu, kwa sababu alipiga soga na kila mgeni mpaka foleni ikatoka nje ya geti. Akahamishiwa chumba cha kuhifadhi mizigo. Huko alimpa bwana mmoja mkoba wa dada ambaye hata hawakujuana, na yule dada akapewa wa bwana. Walirudi kesho yake kubadilishana, wakakaa kwenye benchi la nje wakizungumza, na mwaka haukwisha wakaoana. Mimi nikikosea mkoba wa mtu naitwa ofisini. Yeye akikosea anaalikwa harusini, na anakaa meza ya mbele.

Ndipo wakubwa walipoona afadhali awe mwongozaji wageni, kazi ambayo kuongea sana si kosa. Kwa wasiotujua, utaratibu wetu ni huu. Kila Jumamosi saa nne asubuhi waongozaji tunasimama ukumbi wa mbele, kila mmoja na nguzo yake, na wageni wanachagua wenyewe wamfuate nani. Ni utaratibu mbaya sana. Mtu unasimama pale umenyoosha shati, umepitia habari za kila mchoraji, halafu unawatazama watu wazima wanakupita wanakwenda kujipanga nguzo ya jirani. Wanaobaki kwako ni wale waliochelewa.

Halafu likaja jengo jipya. Lilijengwa nyuma ya lile la zamani na yakaunganishwa kwa daraja la vioo, lakini sakafu hazikulingana, kwa hiyo ghorofa ya pili ya huku ni ya tatu ya kule. Kabla ya kufunguliwa, mhandisi alitutembeza waongozaji kutwa nzima. Mimi nilishika kila mlango na kila ngazi. Bi Kona, kwa maneno yake mwenyewe, alishika mahali ilipoandaliwa chai.

Wiki hiyohiyo aliwachukua wageni kwenda kuona picha za mandhari. Akakata kona mapema, akasukuma mlango usio wake, na kundi zima likajikuta ndani ya karakana ya fremu. Fundi seremala wetu, mtu asiyependa kusemeshwa, alikuwa amepiga magoti akigandisha fremu iliyoachia pembeni. Mwingine angeomba radhi na kufunga mlango. Bi Kona aliwageukia wageni, akawaambia kwamba yeye hapa hapajui, ila huyu bwana anaonekana mwenyeji. Fundi akainuka, akajifuta mikono, akaanza kueleza jinsi mbao zinavyovimba na kunywea, na inasemekana hakunyamaza mpaka gundi ikakauka.

Huku mapokezi presha ilikuwa juu. Kundi limeingia na halijatoka. Nikapewa redio ya upepo na rundo la funguo, nikaambiwa nikawatafute. Niliwapata. Nilipofungua mlango wa karakana wageni wote walipiga makofi, nami nikaanza kutabasamu, kabla sijagundua kwamba walikuwa wananitazama kwa masikitiko. Makofi yalikuwa ya Bi Kona. Mimi nilikuwa mtu aliyekuja kuwakatizia raha.

Jina la Bi Kona lilitokea hapo, na tangu hapo alipotea karibu kila wiki. Aliwaingiza wageni kwenye ghala ambamo picha zilizokopwa ng'ambo husubiri ndani ya makasha yao, wakabaki kukisia kila kasha lina nini. Aliwapandisha darini kwenye matangi ya maji, wakaona mji wao kutoka juu, kila mtu akitafuta paa la nyumba yake. Kundi la wazee aliliingiza kantini ya wafanyakazi, likaketi meza ya mkurugenzi, na mkurugenzi mwenyewe alipofika hakuwa na la kufanya ila kuwamiminia chai. Kuna mama mmoja na mkwe wake wa kike waliingia asubuhi hawasemeshani. Walikwama na Bi Kona kwenye ngazi nyembamba za dharura, wakatoka wameshikana mikono, yule mkwe amembebea mama viatu.

Kila mara aliyetumwa kuwatafuta ni mimi. Nilisimama kwenye ngazi kuu, nikatega sikio, nikasubiri kicheko kipite ukutani, kisha nikakifuata. Sikuwahi kurudi mikono mitupu, wala sikumbuki kuambiwa asante.

Kisanduku cha maoni nacho kilinikondesha. Kuhusu Bi Kona wageni waliandika kurasa, wengine mpaka nyuma ya tiketi. Waliandika kwamba hawajacheka hivyo tangu utotoni, kwamba wataleta shangazi zao, kwamba sasa hawaogopi tena majumba ya sanaa. Kuhusu mimi, mgeni mmoja aliandika kwamba mwongozaji ana sauti ya kusikika na kwamba vyoo ni visafi. Sijui kwa nini aliyaweka pamoja.

Ni mimi niliyependekeza mishale ibandikwe ukutani kuonyesha njia, na mpaka leo nasimama na pendekezo lile. Ilibandikwa, mizuri, myekundu. Haikumaliza mwezi. Wageni walilalamika kwamba mishale inaharibu ziara, uongozi ukaamuru ibanduliwe, na alama za gundi ziko pale hadi kesho. Nikipita hapo natazama upande mwingine.

Nyumbani vilevile sikupona. Mke wangu alikuja siku moja na dada zake. Nilimwona anaingia ukumbini, nikajiweka sawa kando ya nguzo yangu. Akanipungia mkono, kwa upendo kabisa, akaenda kujipanga kwa Bi Kona. Jioni alinisimulia karakana ya fremu, gundi, mbao zinazovimba, mambo niliyokuwa nikimweleza mezani miaka nenda miaka rudi huku anasinzia. Nilimwuliza kwa nini hakunifuata mimi. Akanijibu kwamba mimi ananiona kila siku.

Msomaji ataelewa basi kwa nini nilikuwa na shaka moja ambayo haikuniacha. Niliamini Bi Kona hapotei. Niliamini anaijua kila kona ya jumba hili, na kwamba yote ni maigizo ya kuwavuta wageni. Kumwonea wivu mtu mjanja ni jambo linalovumilika. Unajipa moyo kwamba nawe siku moja utaujua huo ujanja.

Miaka ya karibuni uongozi uliacha kupambana naye, ukaipa ziara yake jina, Ziara ya Kupotea, na tiketi yake yenyewe. Hujaa wiki mbili kabla. Ilipojulikana kwamba anastaafu, nilisimama kwenye mkutano wa idara nikaiomba, mbele ya watu wote, bila hata kujikaza nisionekane na uchu. Wakanipa, lakini kwa sharti. Nitaiongoza kwa majaribio ya msimu mmoja. Wageni wakiikacha, itafungwa, na ziara zote zitaingizwa kwenye vile vifaa vya masikioni ambavyo mgeni anabonyeza namba na kusikia sauti iliyorekodiwa. Sampuli zimeshafika. Ziko kwenye boksi chini ya meza ya mapokezi, na waongozaji vijana wanalipita boksi hilo kama kuna nyoka ndani. Ajira zao na yangu zimekaa juu ya swali moja, kama mimi naweza kupotea.

Siwezi. Mwezi mzima nimejaribu. Nimekata kona bila kufikiri, nimefumba macho kwenye makutano ya daraja, nimewaachia wageni wachague mlango. Miguu yangu inanirudisha lango la kutokea, na tena kwa wakati. Kundi moja la majaribio lilinishukuru kwa kutunza muda. Nilikwenda kujifungia stoo ya mapazia nikakaa huko mpaka hasira ikashuka.

Ndipo nilipomfuata Bi Kona kantini nikaweka kiburi pembeni. Nilimwambia dada, miaka yote hii najua unaigiza, sasa unaondoka, nifundishe. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mdogo wangu, mimi nyumbani kwangu mwenyewe hupitiliza nikagonga kwa jirani," alisema. "Sijawahi kuigiza hata siku moja."

Nikamwuliza sasa mbona hakuwahi kuogopa, na ana watu ishirini nyuma yake, wengine wana watoto. Alinitazama kama nimeuliza jina lake.

"Ningeogopa nini? Nilijua upo jengoni. Nilijua utakuja."

Alirudi kwenye chai yake. Mimi yangu ilipoa. Nilikuwa nimezoea kumwonea wivu huyu mama kwa jambo alilokuwa nalo yeye peke yake, na sasa ananiambia nusu yake ilikuwa kwangu, mtu wa funguo na redio. Nilitaka kufurahi. Badala yake nilipata wivu wa aina nyingine, mchungu kuliko ule wa kwanza. Yeye miaka yote alikuwa na mtu wa kumfuata. Mimi nikipotea, nani atakuja?

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa ziara yake ya mwisho, na uongozi ulipanga tubadilishane. Mimi niongoze, Bi Kona abaki mapokezi na redio, na muda ukipita aje kututafuta. Mke wangu alikuja. Safari hii alijipanga kwangu, ingawa nakiri hapakuwa na mwongozaji mwingine.

Nilifanya kila nililoweza. Nilizunguka daraja, nikashuka ngazi ya nyuma, nikawaweka wageni kwenye korido ya ghala la makasha, nikatangaza kwamba hatujui tuko wapi. Hakuna aliyeniamini. Wageni walisimama kwa adabu, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Mgeni mmoja aliuliza kama vyoo viko mbali, nami nikamjibu papo hapo, mlango wa tatu kushoto. Mke wangu akainamisha uso.

Tukamsubiri Bi Kona. Muda wake wa kuja ukafika, ukapita. Nikaita mapokezi kwa redio, wakasema ametoka zamani. Nikamwita yeye, akapokea kwa furaha, akasema yuko mahali pazuri sana penye mabomba, na kwamba tusiwe na wasiwasi, atafika sasa hivi. Wageni waliokuwa karibu na redio walianza kucheka. Mmoja akauliza, ina maana anayetutafuta ndiye aliyepotea?

Basi tukatoka kumtafuta. Sikupanga, mguu wangu tu ulitangulia. Tulianza chumba cha mitambo ya kupoza hewa, tukakuta ameshaondoka, lakini fundi mitambo alituonyesha alikoelekea na kuwaeleza wageni kwa nini picha za rangi ya mafuta hazipendi jasho la watu. Tulipita karakana ya fremu, fundi seremala akasema amemsikia ukutani, akaacha randa yake akajiunga nasi. Wageni walikuwa wanafungua milango wenyewe, wanaita, wananyamazishana ili mimi nitege sikio. Nilipoinua mkono kwenye ngazi kuu, watu wote walibana pumzi. Mtoto mmoja akanong'ona kwamba babu huyu anasikiliza kuta. Mke wangu alikuwa mbele kabisa, shali limemteleza, anacheka na mimi kwa namna ambayo sijaiona siku nyingi.

Tulimkuta darini, amekaa kwenye kivuli cha matangi ya maji, anakula karanga na mlinzi. Wageni wakashangilia, wakampigia makofi mpaka ndege wakaruka. Yeye, bila shaka. Mimi nilikuwa nimesimama kando na funguo zangu, jasho linanitoka, na nilitambua kwamba nimeongoza ziara bora ya maisha yangu na makofi yameenda kulekule yanakoendaga.

Kisanduku cha maoni kilijaa tena siku ile. Mkurugenzi aliyasoma na kusema ziara ikiwa hivyo, boksi la vifaa vya masikioni linaweza kurudi lilikotoka. Lakini alijua, na mimi nilijua, kwamba ziara ile ilihitaji mtu aliyepotea, na mtu huyo anaondoka tarehe thelathini.

Kwa niaba ya uongozi, walinzi, mafundi, wasafishaji na waongozaji wote, tunamshukuru Bi Kona kwa utumishi wake, kwa wageni aliowarudisha kwetu na kwa milango aliyoifungua bila ruhusa. Namwombea afya, usingizi mzuri na majirani wavumilivu.

Na sasa naongea nawe mwenyewe, dada. Maisha yako ya ustaafu yawe mema, marefu, na yasiwe mbali sana na hapa. Makofi chukua tu, nimeshazoea. Jumamosi saa nne mimi nitakuwa kwenye nguzo yangu na wageni wangu, na sina wa kumtafuta. Usipite mapokezi, wala usimwulize mtu njia. Ingia mlango wowote utakaouona, upotee. Tutakuja.