Majivu ya Chetezo cha Huỳnh Văn Khởi

Ndugu na majirani mliofika, haya ni maisha ya kaka yangu, Huỳnh Văn Khởi. Mimi mdogo wake, Thơm, ndiye ninayeyasoma. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 hapa Mang Thít, mtoto wa mchoma matofali.

Alisoma hadi darasa la tano. Baba alipoumia mgongo, kaka aliachishwa shule, akawekwa kwenye mdomo wa tanuri alilishe pumba za mpunga kidogo kidogo, usiku na mchana. Jivu likitoka jeusi, alijua pumba zimepotea bure; likitoka la kijivu cheupe, tofali limeiva. Majivu hayo hakuyatupa. Yalirutubisha miche, yalihifadhi mayai ya bata ya chumvi, yalijaza vyetezo vya nyumba zenu zote, yakashika vijiti vya udi.

Nhạn, wifi yangu, alikuwa akija kila asubuhi kuchukua majivu ya mayai. Kaka akamwuliza, "We dada, hao bata wako wawili wanatagia wilaya nzima?"

"Kama unaona choyo sema, niende tanuri la jirani."

Hakwenda. Walioana Januari 1982, wakajaliwa mtoto mmoja, Đạt.

Mwaka 2014 ilikuja kampuni ya kuchoma pumba ili kupata mvuke wa viwandani. Ilimwomba kaka awafundishe moto vijana wake. Aliwafundisha kwa malipo ya kikombe cha chai tu. Walipokwisha kujua, kampuni ilichukua pumba za vinu vyote, kaka asipate hata gunia. Shukrani ya punda ni mateke, na nalisema hili mbele ya jeneza lake. Tanuri lilizimika Agosti 2018. Đạt aliajiriwa na kampuni hiyohiyo, akawa anapitisha pumba kwa boti mtoni, mbele ya tanuri la baba yake. Kaka alitoka kumpungia mkono.

Mapafu yalianza kumbana mwaka 2021. Daktari alimwuliza kama anavuta sigara. "Tanuri ndilo lililovuta," alijibu, "mimi nilipokea moshi tu." Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 2 Juni 2024.

Jana Đạt alileta majivu ya kujaza chetezo cha baba yake, kwenye pakiti yenye jina la kampuni.

"Yarudishe, mwanangu," nilimwambia.

"Shangazi, sokoni hakuna mengine."

Nhạn alichukua kijiko, akaingia kwenye tanuri baridi, akakwangua sakafu. Alipata ya kusimamisha vijiti vitatu vya udi, ndivyo hivyo mnavyoviona.

Ameacha mjane, mwana, wajukuu wawili, nami. Kaka, pumzika kwa amani. Moto hukuuzima wewe.