Silvère Nduwayo, Aliyeacha Ghorofa Akatuachia Uwanja

Ndugu, jamaa na majirani wa Nyamirambo hapa Kigali, mimi ni Nkusi, mdogo wake marehemu, dereva wa malori niliyezunguka Mombasa, Goma na Kampala nikarudi na kitambi tu, nami nimepewa kazi hii kwa kuwa wenye akili katika familia wanalia.

Kaka yetu Silvère Nduwayo alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa wazazi waliokimbia Rwanda, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha ufundi wa ujenzi, akahitimu mwaka 1981. Tarehe 8 Septemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu Joselyne, Mungu akawapa Achille na Raïssa, na mwaka 1995 wakahamia Kigali, akajenga nyumba za watu hadi mwaka 2008, alipoajiriwa kukagua ujenzi wa milimani.

Mwaka 2014 alianza kujenga hapa tulipoketi. Shemeji alitaka ghorofa, wazazi wake wakija wapate pa kulala, lakini masharti ya mteremko huu hayaruhusu ghorofa wala kujaza kiwanja, naye kaka akasema, "Mama Achille, nikizidisha hata chumba kimoja, kesho nitamwambia nani abomoe?" Akajenga vyumba vitatu, mbele akaacha uwanja, mtaa ukacheka kwamba mkaguzi anaishi ndani ya kiberiti, na shemeji akanuna msimu mzima wa mvua.

Sisi tuliojenga kabla ya masharti tulijaza viwanja mpaka ukutani, hivyo mzee Usumani, jirani yetu, alipofiwa na mkewe mwaka 2017, hakuwa na pa kukalisha waombolezaji, akaja kusimama mlangoni hapa akiona haya, kaka akamwambia, "Ingia, mzee, nafasi iko." Tangu hapo kila kilio na kila harusi ya mtaa hukaa hapa, na mpanga viti mkuu ni shemeji yuleyule aliyenuna.

Moyo ulianza kumsumbua Juni 2024, akafariki hospitalini Jumapili asubuhi, tarehe 2 Februari 2025. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wakaguzi wenzake, majirani wote, na mzee Usumani, aliyefika wa kwanza akaanza kupanga viti, akamwambia shemeji, "Leo wewe kaa, mwanangu."

Kaka, ungejenga ile ghorofa ukajaza kiwanja kama sisi, leo tungekulilia barabarani. Pumzika kwa amani. Ingia, nafasi iko.