Nakala Isiyokatwa

Benchi letu zamani lilikuwa mlango. Tundu la kitasa bado lipo, na mgeni akikaa vibaya linamfinya. Nililiweka mbele ya kibanda changu cha viatu ili wateja wakae wakivua, lakini wateja hawajapata nafasi miaka mingi sasa. Upande wa kivuli hukaa Kamanda, aliyelinda ghala miaka ishirini na miwili na mpaka leo anamshuku kila apitaye. Katikati hukaa Profesa, muuza kufuli, ambaye sijawahi kumsikia akisema hajui jambo. Mwisho hukaa Mzee Risasi, mpanga herufi mstaafu wa kiwanda cha uchapaji. Jina alilipata kwa herufi za risasi, si kwa bunduki, ingawa wageni huwa hawaelezwi mapema. Juzi saa tisa alasiri birika la kahawa lilikuwa limeshafika, nami nilikuwa nashona kiatu cha nesi mmoja aliyekaa kwenye kigoda, mguu mmoja peku, akiangalia saa. Ndipo akaja Mama Pindo, fundi nguo wa mlango wa tatu, ameshika kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha bitana.

— Wenye mikono ya kahawa wasiguse, alisema.

— Hati ya kiwanja? Kamanda akauliza.

— Kitabu cha katuni.

— Cha mjukuu?

— Changu mimi.

Akakifungua mapajani. Kilikuwa kikubwa kuliko katuni za kawaida, kingo hazijanyooka, na kurasa za katikati zilikuwa zimeshikana juu na pembeni, hazifunguki.

— Baba yangu alikuwa mkata karatasi kiwandani, alisema. Kila toleo likitoka analeta moja, jioni ananisomea. Hadithi ya msichana aliyeshuka kisimani kufuata ndoo. Toleo la kumi na moja liliishia kamba imekatika, yeye yuko chini.

— Halafu?

— Hili ndilo la kumi na mbili. Alilileta limekunjwa tu, halijapita kwenye kisu. Akasema, kesho narudi nalo kazini nilikate, tusome. Alfajiri akaugua, akapelekwa hospitali. Hakurudi kazini, hakurudi nyumbani. Kiwanda nacho kikafungwa mwezi uleule, toleo halikufika dukani. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Sasa ana hamsini na mmoja. Kitabu kilikuwa chini ya sanduku la mama yake muda wote huo, na kilionekana wiki iliyopita mama alipohamishwa chumba.

— Pole, mama, alisema Profesa. Na leo kimetoka matembezi?

— Kuna bwana anakusanya katuni za kale. Anakuja saa kumi. Kikiwa nakala ya kiwandani hasa, ananiletea cherehani ya umeme. Kikiwa kibovu tu kilichoruka kisu, anaondoka zake. Mzee Risasi, wewe umekula chumvi ya uchapaji, niangalizie. Ila amesema nisikikate hata kidogo.

Cherehani yake tunaijua sote. Siku hizi inaruka mishono, na mwezi jana bibi harusi mmoja alitembea mpaka ukumbini ameshika kiuno kwa mikono miwili.

Risasi alivaa miwani yake polepole. Wenzake hawakumsubiri.

— Hakina bei kwenye jalada, alisema Kamanda. Kitu kisicho na bei kimetoka kwa mlango wa nyuma. Hiyo mali ya wizi. Samahani, Mama Pindo, simaanishi marehemu.

— Umemaanisha marehemu, akajibu Mama Pindo.

— Wizi gani! Profesa akaruka. Huoni rangi? Mdomo wa msichana umepakwa rangi nje ya mdomo. Fundi wa mashine alikuwa amelewa. Hicho ni kibovu, jamani, tusimpe dada yetu matumaini ya bure.

— Na haya maandishi ya penseli ya buluu? akauliza Mama Pindo.

— Hapo sasa! Profesa akashusha sauti, akasahau kabisa ulevi wa fundi. Hiyo ni ramani. Kisima kipo kweli, na kuna kitu kilifichwa humo. Kwa nini kiwanda kifungwe ghafla?

— Walikosa karatasi, alisema Risasi bila kuinua kichwa.

— Hivyo ndivyo mlivyoambiwa.

Kamanda alikuwa ameshapiga magoti, jicho moja limefumbwa, anachungulia ndani ya kurasa zilizoshikana kama mtu anayechungulia ghala lenye wezi.

— Naona mguu.

— Mguu wa msichana?

— Wa mwanamume. Una kiatu. Fundi, njoo, hii idara yako.

Niliacha sindano, nikachungulia. Sikutaka, lakini niliulizwa kitaalamu.

— Kiatu cha ngozi, nikasema. Soli ya kushonwa. Kisigino kimelika upande wa nje.

— Basi! Kamanda akasimama. Ofisa huyo. Amekuja kumkamata aliyekata kamba.

— Kamba ilikatika yenyewe, alisema Mama Pindo.

— Hata mimi ghalani niliambiwa kufuli imefunguka yenyewe.

— Huo si mguu, alisema Profesa, ambaye hakuwa amechungulia. Ni kiwiko. Na ofisa wako ndiye aliyeficha hicho kitu kisimani, amerudi kukichukua, anakuta mtoto amekikalia!

Wakabishana juu ya mguu na kiwiko mpaka kahawa ikaanza kutoa machicha. Nesi aliangalia saa tena. Risasi akavua miwani.

— Mmemaliza? Haya. Mnaona hivi vialama vya msalaba kwenye pembe? Ni vya kupangia rangi. Kisu kikipita, vinakwenda na kingo, msomaji havioni. Huu mstari wa madoa ya rangi pembeni ni wa kupimia wino. Haya matundu mawili yalikuwa na uzi, kimetundikwa kwenye mashine. Na penseli ya buluu si ramani, Profesa. Soma: "Nyekundu imehama, irudi kushoto." Ndiyo maana mdomo uko nje. Hii ni nakala ya kazi. Fundi anachapa huku anaiangalia.

— Kwa hiyo si kibovu?

— Kwa hiyo ni yenyewe hasa.

— Zilikuwepo ngapi?

— Ya kutundikwa huwa moja. Na kama toleo halikutoka, mama yangu, basi ndiyo hii tu duniani.

Tulifurahi, kusema kweli. Kamanda alimpa mkono. Profesa alisema tangu mwanzo alijua, tukamwacha. Kilichobaki kwenye birika tukammiminia Mama Pindo, naye akashika kikombe bila kunywa, akitazama jalada, pale msichana alipochorwa ameangalia juu.

Nesi akakohoa.

— Samahani, wazee wangu. Nimesikiliza muda wote. Kwani huyo msichana alitoka?

Risasi alifuta miwani iliyokuwa safi. Kamanda akamtazama Profesa, nasi wote tukamtazama, maana hiyo ndiyo kazi yake.

— Sijui, alisema Profesa.

Mama Pindo akaweka kikombe chini.

— Mzee Risasi, huyo bwana akikichukua, atakikata asome?

— Thubutu! Atakiweka kwenye kioo. Kikikatwa, kwao kimekufa.

— Kwa hiyo hakuna atakayejua.

— Hakuna.

Barabarani lilipita gari, tukageuka sote. Halikuwa lake. Ilibaki robo saa.

— Fundi, nipe kisu chako.

— Mama Pindo, cherehani! alisema Kamanda.

— Miaka arobaini na miwili nimemwacha yule mtoto kisimani, Kamanda. Nilikuwa nalala nikimfikiria. Nimezaa, nimezika, bado yuko kule chini. Nipe kisu.

Nilikinoa mara mbili, nikampa pamoja na ubao wangu wa kukatia ngozi. Risasi alimwelekeza kwa kidole: shika mkunjo, vuta taratibu, usisukume. Alikata vizuri. Vipande vyembamba vya kingo, pamoja na vile vimisalaba, vilianguka kwenye vumbi la soli. Kisha akasoma, midomo ikichezacheza, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele tena. Alipofika mwisho alikuwa analia wazi, wala hakujificha.

— Ametoka, alimwambia nesi. Amepanda mwenyewe, vidole kwenye mawe. Na ndoo ameileta.

— Na ule mguu? Kamanda hakuweza kujizuia.

— Mpita njia. Aliitwa, hakusikia.

Yule bwana alifika saa kumi kamili, na kasha kubwa la cherehani kwenye buti ya gari. Aliona ubao, akaona kisu, akaona vipande chini. Kile kikombe ambacho Mama Pindo hakukinywa nilikuwa nimemwekea yeye, hakukigusa.

— Nani amekikata? aliuliza.

Kamanda alitazama juu. Profesa alipata kufuli ya kurekebisha. Mimi nilikuwa na kiatu cha nesi, nikainamia hicho.

— Baba yangu, alisema Mama Pindo, akifungua tena ukurasa wa kwanza. Alichelewa kidogo tu.